Mshono wa Kushoto

Daktari Kisorio, usifunge faili kwanza.
Nina maswali matatu, nimeyaandika nyuma ya risiti ya vitambaa.

La kwanza: kovu la kushoto limevuta,
limeacha kinundu pembeni, kama pindo lililokosa uzi.
"Litatulia," ulisema Machi.
Sasa ni Julai, baridi imeshika Hurlingham,
nami napiga pasi nikiwa na sweta
hata makaa yakiwaka.

Mimi ni fundi cherehani, Kenyatta Market.
Mteja akirudisha koti, mkono mmoja mrefu,
simwulizi kama kweli alitaka koti.
Natoa futi.
Nafumua.

Lakini wewe unaniangalia
kana kwamba nimekuja kudai kifua cha zamani.
La. Kile nilikiaga bila chozi;
hata mama, ambaye jina langu bado linamkwama kooni,
aliniletea uji wodini.
Sijuti, daktari. Andika hapo: hajuti.
Halafu chini yake andika:
mshono umevuta.

Kimya. Kalamu imelala.
Anavua miwani, anasogeza kiti.
"Hebu nione tena."

Vidole vyake ni baridi.
Swali la pili nimelisahau.