Mzani wa Kinu cha Ngano

Hynek, zima moto huo wa kuchomelea. Njoo.
Shika taa, inama, tazama chini ya tumbo la lori:
mihimili miwili mirefu kama reli, toka kabini hadi mkiani.
Unaiona imara. Mimi nimeiona ikijisokota
kama mtu anayetafuta kitandani upande usiouma.
Gurudumu moja likitumbukia shimoni fremu hujipinda,
na ina haki ya kujipinda, ndivyo ilivyoundwa.
Ukikichomelea chumba moja kwa moja juu yake
utakuwa umemfungisha ndoa mchezaji ngoma na aliyekufa ganzi.
Zitapasuka kwanza kona za madirisha.
Basi tunakikalisha juu ya springi,
kwa bolti ndefu zinazopumua.
Chuma nacho kiachiwe nafasi ya kusema hapana.

Nje theluji imeyameza mashamba ya Moravia,
kuku wa jirani wamegoma kutoka bandani.
Lori hili lilikuwa la zimamoto, miaka thelathini na moja;
kwaruza hii rangi ya kijivu, nyekundu itakuchungulia.
Kvido alilinunua mnadani, siku ya mvua, bila kuniuliza.
Akasema, Drahomira, hili litatufikisha Kazakhstani.
Nikamwambia, lioshe kwanza.

Sikiliza. Kabini huinamishwa mbele ukiitaka injini.
Kigingi cha kuifungia ni hiki, ncha yake imelika.
Usiingize kichwa kabla hujakiona kimekaa,
kabla hujakigusa, kabla hujasema kwa sauti: kimekaa.
Mimi husema. Majirani wanadhani nazungumza na marehemu.
Siku ile Kvido hakusema.
Alikuwa na haraka, bomba la mafuta lilivuja,
na supu ilikuwa mezani.

Haya, tuendelee.

Mitungi ya gesi ikae kwenye kabati lake, mlango uwe wa nje,
tundu liwe sakafuni; gesi ni nzito, hushuka, hutambaa,
hujilaza miguuni pa waliolala.
Kingora cha moshi darini. Kingora cha ile hewa isiyo na harufu
karibu na mto, usawa wa pua.
Dirisha la juu ya kitanda lifunguke, nami nipite.
Nimejaribu. Napita, kwa aibu kidogo.
Nati za magurudumu kaza kwa spana yenye kipimo,
chora mstari wa njano toka nati hadi rimu;
mstari ukikatika usibishane nao, simama.
Kila jioni fungua matangi ya hewa ya breki, yateme maji.
Maji yakiganda, mguu wako utakanyaga sala tu.

Jumamosi nililipeleka kwenye mzani wa kinu cha ngano.
Bwana Ctibor akapima mbele, akapima nyuma,
akaandika kwa penseli juu ya gunia tupu:
nyuma pamezidi, kilo mia mbili na kumi.
Akanitazama kama daktari anayetafuta kiti.
Nikasema, nitapunguza maji. Akasema, umeshapunguza.
Vitabu, basi. Akafuta miwani yake.
Sote wawili tulijua ni nini.

Jiko la chuma cha kusubu, la mama yake Kvido,
lililoteremshwa ngazi na wanaume watano,
pamoja na matofali yake, pamoja na birika lake.
Alikuwa amelipimia mahali kwa chaki.
Chaki bado ipo sakafuni, nimeipitishia vanishi juu.
Sikulia. Nilichukua spana ya kumi na saba.
Bolti sita. Ya tano ilikuwa na kutu,
ikanishikilia mpaka giza likaingia.
Sasa jiko liko uani, na kuku wawili wameshahamia humo.

Nikirudi mzanini, namba itakuwa halali.
Kazakhstani sijui. Labda Slovakia kwanza, tuone breki.

Haya, shika bolti hiyo. Usiikaze mno,
acha springi icheze upana wa kidole.
Vizuri. Sasa kabini. Kigingi kimekaa?

Sikusikii.