Arobaini na Nne kwa Ishirini na Tisa

Chumba ni cha mbao, sakafu ni lava
iliyopoa kabla sijajua kutembea.
Viti kumi na viwili, wanafunzi kumi na tisa,
na karatasi mlangoni: MATAYARISHO YA CHUO, SAYANSI,
kwa kalamu iliyokauka wino kwenye herufi ya mwisho.

Mwalimu Buhendwa hana maabara.
Ana chupa ya siki, kikopo cha magadi,
jagi la plastiki ambalo mkewe hulidai kila Jumamosi,
na mshumaa mmoja anaoupima kwa rula
ajue umebakiza masomo mangapi.

«Leo,» anasema, «tunamimina kitu msichokiona.»

Siki juu ya magadi. Povu likapanda, likashuka.
Jagi, kwa macho yetu, lilikuwa tupu.
Akaliinamisha taratibu juu ya mshumaa
kama mtu anayemnywesha mtoto uji,
na moto ukalala.
Haukupulizwa. Ulilala tu.

Nyuma Muhindo akacheka: «Mchawi!»
Mwalimu hakucheka. Aligeukia ubao.
Kaboni, kumi na mbili. Oksijeni, kumi na sita mara mbili.
Jumlisha: arobaini na nne.
Hewa tunayoivuta, kwa wastani: ishirini na tisa.
«Kizito hukaa wapi?»
Chini, tukaitika, kama watoto wa chekechea.
«Na nyumbani kwenu mnakiitaje?»

Kimya. Kisha Kyakimwa, asiyesema kamwe:
«Mazuku.»

Kalamu yangu ilisimama hapo.

Nilikuwa na miaka tisa, kule njia ya Sake.
Nilimfunga mbuzi wa baba mdogo shimoni, penye majani mabichi,
alfajiri, jua halijapasha mawe,
hakuna hata upepo wa kutikisa uzi.
Mimi juu ya jiwe, nakula muhogo.
Mbuzi akapiga magoti ya mbele
kama anayetafuta kitu alichodondosha.
Pua yake ilikuwa ndani. Yangu ilikuwa juu.
Ndiyo tofauti yote iliyokuwepo kati yetu.

Watu walijua ni mazuku. Hilo hawakubisha.
Bibi yangu alikuwa akisema tangu zamani:
ukiona panzi wamelala chali, usiiname.
Mazuku, ndiyo, walisema, lakini nani kayatuma?
Na Mama Nabintu, mjane wa jirani,
alikuwa amepita jana yake na kuni kichwani,
akamtazama mbuzi, akasema: amenona.
Neno moja tu.
Wakamng'olea paa, bati kwa bati.
Aliondoka na godoro na sufuria juu ya chukudu,
na pale penye mwinuko niliambiwa nisukume.
Nikasukuma.
Akanigeukia, akasema asante.

Kazi ya nyumbani, swali la tatu:
*Shimo lina urefu wa mita sita, upana wa nne, kina cha nusu mita.
Limejaa gesi hii tupu. Kwa mwinuko wa mji wetu
kila mita ya ujazo ina kilo moja na nusu. Tafuta uzito wake.*

Umeme ulikatika nikiwa kwenye kuzidisha.
Nikamaliza kwa tochi ya simu.
Kumi na mbili, mara moja na nusu.
Kilo kumi na nane.
Nikafuta, nikarudia, kumi na nane ileile.
Uzito wa mbuzi aliyenona kidogo.

Mtihani wa kuingia uko baada ya wiki mbili.
Mwalimu anasema tusikariri, tuelewe,
na mimi nimeelewa, ndiyo taabu yangu.
Kwa swali lao, *nani kayatuma*, natafuta kipimo,
gramu, lita, nyuzi, sipati.
Lile langu lina jibu: nani alisukuma?

Wanasema anauza sambaza sokoni Kituku.
Jumapili nitashuka, daftari ndani ya mfuko.
Sijui nianzie wapi.
Kaboni, kumi na mbili…
Labda kwanza ninunue samaki,
vikombe viwili,
na nisimwombe apunguze.