Leso Isiyo na Jina

Miaka ishirini na mbili namuuzia Hasmukh maneno,
duka la tatu ukiingia Mtaa wa Biashara.
Yeye ana pindo, ana mji, ana rangi za ng'ambo;
mimi nampa jina.
Mizani kumi na sita, si zaidi,
maana nguo ina upana wake
na wanawake wa Mombasa hawana subira na kisa kirefu.

Usiku ule nilikuwa dirishani, Kibokoni, stima imekatika,
nahesabia vidoleni.
Nilifika kidole cha sita
gari lilipozima taa chini ya roshani.
Champali moja ikaburura sakafu.
Kisha Twaha, mwana wa Bi Thureya: "Mamangu!"
Vidole vyangu, kwa mazoea tu, vikaihesabu.
Mizani tatu.

Nikavuta dirisha polepole, bawaba isilie.
Mtaa mzima ulifanya hivyo. Nilizisikia bawaba
zikinyamazishwa moja moja mpaka Ndia Kuu,
kama amina ipitayo safu hadi safu.

Asubuhi mahamri yalipikwa. Mbaazi zilikolea nazi.
Aliyeuliza, aliuliza bei.
"Mnyamaa kadumbu," alisema muuza kahawa, akikung'uta kikombe,
"na yule kijana alikuwa na maneno."

Nami nikalimaliza langu:
*Ya jirani sipulizi, moto wangu wanitosha.*
Likakaa sawa. Woga, nimegundua,
una sikio zuri la mizani.
Doti elfu mbili ziliisha kabla ya mfungo sita;
zikavaliwa arusini, zikabeba watoto, zikapangusa vumbi.

Na moja alijitanda Bi Thureya.
Mwaka ulipotimia, bila jeneza la kuhesabia siku,
alikuja akaketi mkekani pangu,
akanipa mgongo, nisome.

Nikamwendea Hasmukh. Safari hii, nikamwambia,
chapa pindo, chapa mji, pa jina paache peupe.
"Leso bila jina ni pazia, bibi."
Chapa.

Nilijiona nimefanya jambo.
Nilidhani kimya changu
kitasomeka tofauti na chao.

Iliuzwa kuliko zote.
Mke wa inspekta aliivaa, ikampendeza.
Jirani wa mlango wa pili, yule aliyewaonyesha ngazi,
alinunua nne: hatimaye, alisema, nguo isiyomsema mtu.
Msichana mmoja wa chuo aliniambia pale peupe pamemliza;
mamake alipaandikia hesabu ya sukari.
Peupe hapakumkatalia mtu.

Bi Thureya alirudi na yake, haijakatwa,
ingali na ugumu wa wanga wa kiwandani.
Akaitandaza. Akatoa sindano, uzi mwekundu,
akaweka kidole katikati ya kisanduku kitupu.
"Wewe si ndiye mjuzi wa majina?
Basi andika jina."

Nilitaka kumweleza kwamba Twaha ni mizani mbili tu,
kwamba nafasi ni ya kumi na sita,
na hizo kumi na nne tuzijaze nini?
Alinitazama kama atazamavyo mtu
asiyelala tangu Rajabu ya mwaka juzi.
"Zijaze ulivyosikia."

Nilianza na gari. Mkono ulitetemeka;
mshono wa kwanza ulipinda, na mpaka leo umepinda.
Kisha saa. Kisha champali, ya kushoto,
aliyoiokota mwenyewe mtaroni alfajiri
huku sisi tukichungulia kwenye nyufa.
Kisha bawaba, yangu kwanza.
Mizani zilinishinda. Zilitoka kisandukuni,
zikapanda, zikaingia mjini.

Alikuwa akinishikia nguo isikunjamane.
Dirisha lilikuwa wazi.
Ghorofani mtu akapunguza redio,
sijui apate kusikiliza
au asisikike.