Mkia Mrefu

Kwetu Namasagali hatukusema panya.
Ghala lilijaa pamba, na pamba ilijaa wao,
lakini bibi Nangobi akikuta gunia limetobolewa
alisema tu, mkia mrefu amepita,
na mtoto aliyeropoka lile jina lenyewe
alitolewa nje akagonge chuma mara tatu
kwenye reli iliyokufa, ndipo arudi kula.
Sikuuliza kwa nini. Nani huuliza
kwa nini mlango uko pale ulipo?

Nililouliza ni jina. Kamodi.
Balikowa Kamodi, ndivyo ilivyo
kwenye cheti cha ubatizo cha baba, kwa wino wa zambarau,
na palipotakiwa baba mzazi padri kaweka kistari,
kifupi, cha mtu aliyesita
kisha akaitwa chai.

Siku baba alipokwenda kuposa Kamuli
wakwe walimuuliza ukoo. Akanyamaza.
Wakamuuliza mwiko:
kila mtu ana asichokila, bwana,
wenzako hawali pongo, hawali kamongo, hawali uyoga,
ninyi hamli nini?
Sisi, akasema baba, tunakula vyote.
Walicheka hadi mrija wa pombe ukaanguka.
Mke alipewa, ila aliongeza mbuzi watatu,
faini ya mtu asiye na mwiko.

Nikaanza na daftari la bandari,
nusu yake imeliwa na hao nisiowataja.
*Mwaka 1934. Meli ya gurudumu la nyuma, Nyange.
Fundi mitambo: T. Kermode.
Deni dukani: tumbaku, sabuni, kanga jozi moja.*
Kermode. Nikalitamka polepole, kwa mdomo wa bibi,
likatoka Kamodi.
Na kanga je? Mzungu asiye na mke,
kanga ya nini?
Bibi tulimzika na kipande chake.

Yeye Kisoga kilimshinda,
bibi Kiingereza hakukitaka;
walikutana katikati, kwenye Kiswahili cha makuli,
kibovu, kilichotosha kuniletea baba.
Ndiyo maana haya siyaandiki kwa lugha nyingine.

Nikatuma barua Kisiwa cha Man,
mji wa Peel, kwa yeyote mwenye jina hilo.
Miezi saba. Nilishasahau.
Akajibu Voirrey, ana miaka themanini na moja,
mwandiko wake unayumba kama ulioandikiwa chomboni:
*Huyo ni Thomas wetu. Baba yake, Illiam,
alizama na nyavu za heringi,
na baba yake Illiam hivyo hivyo, mwezi uleule.
Thomas aliapa kufanya kazi
kwenye maji ambayo ng'ambo yake inaonekana.
Tulisikia ni mto, una mafunjo, una viboko.
Kisha vita vikamwita, akapanda meli ya baharini,
na bahari ikachukua iliyokuwa ikimdai.*

Chini, baada ya sahihi, kama mtu
aliyekumbuka jambo mkono ukiwa mlangoni:
*Je, alizoeleka huko? Watu wetu wana ushirikina mgumu.
Yule mnyama wa ghalani hawamtaji, hata nchi kavu.
Husema mkia mrefu. Akikosea mtu, hugusa chuma.*

Nilisoma pale pale gatini,
kati ya nguzo mbili zilizobaki.
Mto ulikuwa ukipita na kisiwa kidogo cha mafunjo,
kimekatika mahali, kinakwenda na ndege wake.

Nikaenda kwa baba. Sasa sikio lake ni moja,
nikalisogelea hilo.
Baba, tunao mwiko.
Si wa kuliwa. Ni wa kutamkwa.
Akaniambia soma tena. Nikasoma.
Akaniambia soma pale pa mkia.

Juu darini kitu kilikwaruza, kikatulia.
Tulitazamana. Aliinua fimbo yake,
akagonga mguu wa kitanda, chuma, tatu,
bila mtu kukosea neno lolote.
Kisha akasema:
Kamuli wana mbuzi wangu watatu.