Kijiko cha P. Quiñones

Koti la jeshi halikufunga.
Tulilipasua mgongoni, tukamvika hivyo hivyo.
Shangazi Nohemí akasema: maiti hageuki,
nani atauona mpasuko?
Bibi Herminda peke yake ndiye aliyecheka.

Babu Eliécer, mkulima wa viazi,
aliyeiona bahari mara mbili tu:
Buenaventura akienda, Buenaventura akirudi,
na mara ya pili, alisema, ilikuwa imepungua.

Hatukusikia vita kinywani mwake.
Tulisikia baridi.
Baridi ya Korea iliyomla vidole viwili vya mguu wa kushoto,
ikamwachia kiatu chenye nafasi ya kuweka akiba:
humo alificha noti zake, Bibi asizione,
na Bibi alizijua zote kwa hesabu.

Usiku wa Januari, anga ikiwa tupu juu ya Boyacá,
alitoka bila kuitwa, akainusa hewa,
akatuamsha kwa majina ya ukoo, kama kikosi.
Tuliwasha mabua pembeni mwa shamba,
moshi ukatambaa juu ya majani ya viazi
naye akipita huku na huku, akichechemea, akinong'ona:
"Msilale. Anayelala ndiye anayechukuliwa."
Nilidhani anavisemesha viazi.

Kijiko chake cha bati kilikwaruzwa jina lisilo lake:
P. Quiñones.
Nilimuuliza mara moja, nina miaka tisa.
Alikula mpaka mwisho, akakilamba,
akakifuta kwa pindo la ruana lake,
akasema, "Nimeazimwa."

Jeshi lilituma vijana wawili na bendera.
Walichelewa, matope yaliwashika njiani;
mmoja alikosea jina, wa pili akapiga tarumbeta kwa simu
na katikati ya mlio ukaingia ujumbe wa mtu.
Hata hivyo walisimama wima mvuani, wakilowa,
nikawasamehe.
Pensheni? Barua ilikwisha kufika: ombi linashughulikiwa.
Tarehe yake, ya mwaka juzi.

Nilitaka kijiko kiende naye, chini ya mkono.
Bibi alinishika kiganja, akakichomoa.
"Deni halizikwi, mwanangu.
Mwenyewe, au mtu wake, huenda akaja."

Jioni ile alipakua supu,
bakuli moja zaidi,
akakilaza kijiko kando yake,
mpini ukitazama mlangoni.
Nje mawingu yalikuwa yameondoka.
Tukaangaliana.
Nohemí akainuka kutafuta kiberiti.