Dakika Nzima

Stoo ya nyuma, kwenye magodoro yaliyochanika,
ndiyo darasa langu. Mdoli wa mafunzo hatuna;
tuna mgomba, kigogo kilichokatwa jana
shambani kwa mama Ndeshukurwa, bado kinatoka maji.
Wanafunzi sita wanajifunzia kushona hapo.
Mgomba haulii, nawaambia, kwa hiyo msiuamini.
Mtu atavuta mkono. Mtu atakuuliza umesoma wapi.

Huku Kirua ukungu huingia wodini bila hodi,
saa kumi na mbili, kabla ya chai,
ukajilaza kitanda cha pili kama mgonjwa wa zamani.
Bibi wa kitanda cha nne hukohoa, kisha huomba radhi.
Anandumi, mwaka wa pili, mikono ya fundi seremala,
aliutafuta mshipa wake
kama anayepapasa swichi umeme umekatika.
Mara ya tatu akaupata.
Aika, mjukuu, bibi akamwambia,
sasa nenda ukapumzike wewe.

Kanula nasamehe. Shuka lililokunjwa vibaya nasamehe.
Jambo moja tu nadai bila huruma:
pumzi za mtoto zihesabiwe dakika nzima.
Si robo dakika ukazidisha kwa nne,
kama muuza nyanya anayekisia fungu.
Funua kifua. Tulia. Tazama tumbo.
Akilia, ngoja. Akinyonya, ngoja.
Hesabu ikikuponyoka, rudi kwenye moja.
Na usiandike ambacho jicho lako halikukiona.

Wanadhani ni ukali.
Wananiita, nimewasikia mlangoni, Bi. Sitini.

Sijawaambia habari za Ndesario, miezi tisa,
usiku wa masika, mimi peke yangu zamu,
wagonjwa thelathini na mmoja, na mmoja wao anajifungua.
Kwenye chati kulikuwa na kisanduku kitupu.
Nikakipita kitanda chake, nikaandika: arobaini.
Wino wa bluu. Mwandiko safi kabisa,
mwandiko ambao hata daktari aliusifia.
Kulipopambazuka mbavu zake zilikuwa zikibonyea ndani
kila alipovuta hewa, na midomo
imekuwa rangi ya wino ule.

Gari la maziwa ndilo lililomshusha mjini.
Alirudi. Baada ya wiki tatu alirudi,
mgongoni kwa mama yake, akinyonya kidole,
na mama kichwani amebeba mkungu mzima wa ndizi.
Wangu mimi. Asante ya kumwokoa mwanawe.
Niliupokea kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa.
Nikauweka nyuma ya mlango wa jikoni
ukaiva, ukaiva mno, ukaita nzi,
na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuniuliza.

Ile chati nadhani panya wameshaila.
Mimi nimebaki nayo.

Jumanne iliyopita kliniki ilifurika,
akina mama hadi kwenye ngazi, mvua imewabana,
na mimi nimeinama juu ya kitoto kinachochemka,
saa yangu ya kifuani imening'inia kichwa chini,
kalamu tayari imegusa karatasi.
Mwalimu.
Ni Anandumi. Hakupaza sauti.
Mwalimu, bado sekunde ishirini na mbili.

Wenzake wakatazama sakafu.
Muuguzi mkuu akakohoa kikohozi cha onyo.
Nikamtazama kijana huyu mwenye mikono mikubwa,
koo limemkauka, lakini hakurudi nyuma,
na kitu kilicholala kifuani mwangu miaka kumi na saba
kikajigeuza.

Nikaiweka kalamu chini.
Moja, nikasema. Na yeye, pembeni yangu: moja.

Mwishoni yeye alipata hamsini na tatu.
Mimi nilipata hamsini na nne.
Tukahesabu tena.