Ua Katika Ua

Mbegu niliziokota kwenye tuta la reli, Igalula,
siku moja kabla gengi halijaja kufyeka.
Nilizifunga pindoni mwa khanga,
nyeusi, nyembamba, kama kucha za panzi.
Jina lake sikulijua. Hata sasa silijui.
Ni lile la zambarau linalochanua Julai,
vumbi likiwa limekaa hata kwenye kope za mbuzi
na mwenye akili zake hapandi kitu.

Mama mkwe, Bi Nyamizi, alisimama na ufagio wa chelewa:
"Magugu yametushinda shambani,
unayaalika na nyumbani?
Ua wangu hautaki ua lako."
Kila alfajiri huufagia
mpaka udongo unabaki na mistari
kama nywele zilizochanwa.

Nilipanda hivyo hivyo, kando ya bani la tumbaku
lililobaki kuta tatu tangu Mhoja aache kulima.
Mashina mawili niliyatia samadi:
yakanenepa, yakajaa majani,
yakalala chini kama walevi,
ua hata moja yasitoe.
Mengine niliyaacha na changarawe yao.
Nikayanywesha maji ya kuoshea mchele,
kikombe, si ndoo,
miezi ya mwanzo tu. Kisha yajitafutie.

Mwaka ukapita ni majani, ya kijivu, yameng'ang'ania ardhi.
Kuku wakayadharau. Mbuzi pia.
Mama mkwe akahesabu: "Miezi kumi na minne.
Mtoto angeshatembea."
Nikasugua sufuria.
Mimi na Mhoja hatujajaliwa.

Halafu Julai, asubuhi ya baridi,
nikasikia redio imefunguliwa chini chini nyuma ya bani.
Haikuwa redio.
Walikuwa nyuki, na wale wadogo wasiouma
waliotuhama tulipokata mninga wa mwisho
tukaukaushia majani ya watu wengine kuvuta;
na mmoja mkubwa, mweusi, yuko peke yake,
akitua ua linainama mpaka chini,
akiondoka linarudi kwa kutikisika.

Kesho yake nilichelewa kuamka.
Kulikuwa kumeshafagiwa.
Mistari ilitoka mlangoni imenyooka,
ikafika karibu na bani, ikapinda,
ikayazunguka maua kwa mbali,
ikaendelea na safari yake hadi jikoni.

Hakusema kitu. Nami sikumuuliza.
Jioni tu, nikichagua mchele,
alitaka kujua yale maji
huwa nayamwaga wapi.